Dirisha lenye maua ya chuma

Binti mmoja alinikuta nafunga duka. Ilikuwa yapata saa tatu za usiku, nimeshahesabu floti, nimeshaingiza ndani ubao wa bei, kilichobaki ni kufuli. Akaweka simu juu ya kaunta, kioo kikiangalia chini, akaifunika kwa kiganja. "Anti, usifunge kwanza." Nilidhani kioo kimepasuka. Akaondoa mkono, nikaigeuza. Palikuwa na picha nne, na chini yake ujumbe wa mstari mmoja: tuma elfu thelathini kabla ya Ijumaa, la sivyo mamako na kaka zako wataziona.

Nina kiduka cha M-Pesa na kutengeneza simu hapa Mtwapa, kando ya barabara ya Malindi, mwaka wa 11 huu. Mtu anayeleta simu iliyoharibika ananiletea nyumba yake nzima: mikopo, mapenzi, majibu ya hospitali, ugomvi wa urithi. Nimejizoesha kutotazama. Usiku ule nilitazama kwa sababu aliniomba, na kilichonivuta jicho kilikuwa nyuma yake pichani. Uso alikuwa ameuficha kwa barakoa nyeusi, nywele amezifunga, chale ya begani ameibandika plasta. Lakini pazia lilikuwa limesogea kidogo, na vyuma vya dirisha vilionekana, vimekunjwa maua: maua manne, na jani moja lililopindia kushoto. Hiyo ni kazi ya fundi mmoja wa hapa hapa, ambaye miaka yote amekunja ua lile lile. Aliyewahi kupanga chumba upande ule atayajua yale maua hata akiwa Doha.

Nilipomwonyesha, alikaa chini sakafuni, pale pale kwenye nyaya za chaja.

Ameniruhusu kuandika kwa masharti matatu: nisitaje jina lake, nisitaje mtandao aliokuwa akiuzia picha zake za utupu, na nisimfanye aonekane mjinga. Hilo la tatu ndilo limenichelewesha, maana nimesoma mengi kuhusu wasichana kama yeye na karibu yote huanza kwa kuwaona wajinga. Huyu ni mwanamke wa miaka 27, anajua hesabu za biashara yake kuliko ninavyojua zangu, na alichofanya alikifanya kwa kupima. Nataka kueleza alichopima, na kile ambacho hakuna aliyemwambia akipime.

Kabla ya 2020 alifanya kazi ya usiku kwenye vilabu. Hatari za kazi ile alizijua moja moja. Askari wanaokukamata kwa kosa la kuzurura na kukuachia ukishatoa ulichonacho. Mteja anayekubali bei klabuni na kuikana chumbani. Mteja anayevua mpira katikati. Mteja anayekuteremsha Kikambala saa tisa za usiku bila nauli. Ana jino la pembeni lililovunjika, mwaka gani na nani alilivunja anakumbuka, na kila akicheka huweka mkono mdomoni.

Halafu ikaja Machi 2020. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa tarehe 25, kafyu ya usiku ikaanza tarehe 27, na mapema Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Sisi tuko Kilifi, Mombasa iko ng'ambo ya daraja. Nilikuwa naiona barabara ya Malindi tupu saa moja za jioni, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe. Vilabu vikafungwa. Wasichana walikuja kwangu kutoa mia mbili, kutoa mia, na wengine kuuza simu. Yeye hakuuza yake. Aliniuliza simu ipi ina kamera nzuri ya mbele kwa bei ya chini, nami nikamuuzia ya mitumba niliyoibadilisha kioo mwenyewe. Kwa hiyo mkono wangu umo katika mambo haya tangu mwanzo, na sitajifanya haumo.

Wakati huo huo mitandao ya kulipia kila mwezi ilikuwa inafurika watu dunia nzima. Unaojulikana zaidi ni OnlyFans, ulioanzishwa London mwaka 2016 na Tim Stokely kwa msaada wa familia yake. Mwaka 2018 sehemu kubwa ya hisa ilinunuliwa na mfanyabiashara Mmarekani, Leonid Radvinsky. Picha za utupu zilikuwa zimejaa mtandaoni miaka mingi, tena bure, kwa hiyo kilichouzwa hapa kilikuwa kingine. Mteja analipia ukurasa wa mtu mmoja, kati ya dola 4.99 na 49.99 kwa mwezi, kama anayelipa kodi ya chumba, na juu yake anatoa bakshishi na kulipia ujumbe wa faragha. Kampuni inakata asilimia 20, mwenye ukurasa anabaki na 80. Anacholipia hasa ni kujuliwa hali. Anataka aamke akute mtu amemwandikia.

Korona haikuwa sababu ya pekee. Aprili 2018, Marekani ilifunga tovuti ya matangazo ya Backpage, na siku chache baadaye rais wake akatia saini sheria iitwayo FOSTA, inayozitia hatiani tovuti zinazosaidia biashara ya ngono. Lengo lililotajwa lilikuwa kuwaokoa wanaosafirishwa kwa nguvu. Tovuti nyingi ziliogopa zikafunga milango yote, na wanawake waliokuwa wakiwachunguza wateja kwa ujumbe kabla ya kukutana nao wakajikuta tena barabarani, au kwenye mitandao hii ya mwezi. Ukitaka kujua kwa nini ilikua upesi hivyo, anza hapo, halafu ndiyo uje kwenye kafyu.

Kuna jambo la zamani ambalo huwa nalifikiria nikisikia watu wakisema hii kazi ya simuni ni uzushi wa kizazi hiki. Nairobi ya wakoloni ilikuwa na majina yake kwa wanawake waliouza. Mwanahistoria Luise White aliwahoji wazee wa Pumwani katika miaka ya 1970, nao wakamweleza aina tatu. Watembezi walitafuta wanaume barabarani. Malaya walikaa ndani ya vyumba vyao, mwanamume akaja mwenyewe, akapewa chai, akapewa maji ya kuoga, na jirani hakuona kitu. Wazi-wazi, wengi wao wanawake wa Kihaya waliotoka Bukoba, walikaa mlangoni na kutaja bei kwa sauti. Leo neno malaya ni tusi la kumtupia mtu sokoni, lakini wazee wale walilitumia kumtaja mwanamke aliyejistahi, aliyekuwa na mlango wake. Na wengi walifanya hivyo hasa: waliweka pesa, wakajenga nyumba Pumwani, wakawa wenye nyumba, wengine wakatuma pesa kwao Bukoba zikainua boma la baba.

Nilimsimulia yule binti habari hizi siku moja tukisubiri umeme urudi. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na mlango, ufunguo ulikuwa wao?" Nikamwambia ndiyo, ufunguo ulikuwa wao. Akasema, "Basi hao si mimi."

Kabla sijafika kwenye ufunguo, nieleze alichokipata, maana alikipata kweli. Tangu aanze kufanya kazi chumbani mwake hakuna aliyempiga. Hajakamatwa. Hajapata ugonjwa, na klinikini huenda kupima kwa sababu anataka, hakimbizwi na hofu ya jana. Analala usiku. Anachagua la kufanya na la kukataa, na mteja mwenye matusi anamfungia kwa kidole kimoja. Mwanamke aliyewahi kuachwa Kikambala usiku wa manane hawezi kukwambia hayo ni madogo. Wanaotaka mitandao hii ifungwe yote leo wamjibu kwanza yeye: akirudi barabarani, nani atamlinda?

Chumba chenyewe nimeingia. Shuka la buluu limetundikwa ukutani kwa misumari. Kuna taa ya duara iliyofungwa kwenye mguu wa feni mbovu. Kuna karatasi ya ratiba yenye saa za Ulaya na saa za Marekani, imeandikwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni saa za adhana, kwa sababu adhana ikisikika kwenye video msikilizaji anajua yuko nchi za namna gani, na kunguru wakizidi kelele pia anasimamisha. Alifikiria sauti. Alifikiria uso, chale, kucha. Kwenye mipangilio ya ukurasa Kenya nzima ilizuiwa isiuone, maana mitandao hii inaruhusu kuzuia nchi. Hakufikiria kwamba watoto wa Mtwapa wametapakaa Doha, Jeddah, London, na kwamba mtu akiwa na programu ya kuficha mahali alipo, Kenya yenyewe haizuiliki. Wala hakufikiria vyuma vya dirisha. Nani angefikiria?

Na pesa? Watu huona picha za magari kwenye simu wakadhani kila anayefungua ukurasa anatajirika. Hesabu za OnlyFans za mwaka ulioishia Novemba 2023 zilionyesha wanunuzi wamelipa dola bilioni 6.6, na akaunti za wauzaji zilikuwa milioni 4.1. Toa asilimia 20 ya kampuni, gawanya kilichobaki kwa akaunti zile, unapata kama dola 1,290 kwa mwaka, yaani dola 107 hivi kwa mwezi. Hiyo ni kama wangegawana sawa, na hawagawani sawa: wachache wa juu wanachota karibu yote, wengi wa chini wanapata vocha. Mwaka huo huo mmiliki alijilipa gawio la dola milioni 472. Binti wetu, miezi yake mizuri, alipata pesa za kulipa chumba, kumsomesha mdogo wake na kumtumia mamake. Miezi mibaya alikuja kwangu kukopa bando.

Sasa ufunguo. Ili ulipwe na mitandao ya nje unahitaji kitambulisho, picha yako umekishika, na mahali pa kupokelea dola. Kitambulisho alikuwa nacho. Mahali pa kupokelea dola ndipo aliposhindwa. Benki ilimuuliza chanzo cha mapato na hakuwa na jibu la kuandika kwenye fomu. Hapo ndipo alipotokea meneja, kijana wa Nairobi aliyemfikia kwa ujumbe, mwenye maneno mazuri. Alimfungulia ukurasa kwa kitambulisho chake yeye msichana, lakini kwa barua pepe ya meneja, nywila ya meneja, na pochi ya dola ambayo namba ya siri aliijua meneja. Jina la msichana, funguo za mwanamume. Makubaliano yalikuwa nusu kwa nusu. Yeye aliletewa nusu yake kwa M-Pesa, na nusu ya nini hasa hakuwahi kuona.

Kisha akagundua kwamba mashabiki wake hawaongei naye. Meneja alikuwa ameajiri vijana wa kuchati usiku kucha kwa jina lake. Hili limeenea kila mahali. Kuna watu Ufilipino wanaofanya kazi hiyo kwa zamu kama kiwandani, na hapa kwetu wapo vijana waliosoma, hawana ajira, wanaolipwa kuwa mwanamke mwingine hadi alfajiri. Siwalaumu vijana. Lakini fikiria maana yake kwake. Walikuwa wakiahidi mambo ambayo hakuyakubali, kisha meneja anamwambia ayafanye kwa sababu yameshalipiwa. Walitaja mji. Walimwambia mwanamume mmoja wa Ulaya kwamba anamsubiri. Jioni moja mwanamume yule akaandika kwamba amefika, yuko hotelini Bamburi, amekuja kwa ajili yake. Msichana hakuwahi kusikia jina lake. Mwanamume yule alijua hata jina la utani la marehemu nyanya ya msichana, maana vijana wa kuchati walikuwa wameombwa waweke hisia.

Alijifungia chumbani siku tisa. Mimi ndiye niliyempelekea mkate na maziwa, sikujua kwa nini amejifungia, alisema ni malaria.

Alipomwambia meneja anaacha, meneja alimjibu yuko huru kuacha, ila ukurasa unabaki. Kila kitu alichowahi kupiga kilikuwa kwenye akaunti asiyoweza kuifungua. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka wasomaji waione, na ndiyo sababu naandika. Barabarani hatari ilikuwa kali lakini ilikuwa na mwisho: usiku unapita, jeraha linapona au haliponi, mtu yule huenda usimwone tena. Hii ya sasa haimgusi mwili, inakaa mahali inamsubiri. Inaweza kumsubiri hadi siku ya posa, hadi siku mtoto wake aanze shule, hadi siku aombe kazi ya heshima. Na wanaoshika funguo za pale inapokaa hawamjui: meneja, kampuni, benki, na yeyote aliyelipa dola tano akahifadhi picha.

Kuhusu benki, kuna wiki moja ya Agosti 2021 inayofaa kukumbukwa. Tarehe 19 OnlyFans ilitangaza kwamba kuanzia Oktoba itapiga marufuku maudhui ya ngono ya wazi. Watu waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo, tena ndio walioijenga kampuni, walisoma habari kwenye simu zao kama sisi wengine. Stokely aliliambia gazeti la Financial Times kwamba tatizo ni mabenki, akataja baadhi kwa majina. Kelele zikawa nyingi, na tarehe 25, siku sita baadaye, uamuzi ukasimamishwa. Siku sita mamilioni ya watu walijua riziki yao iko kwenye mkono wa karani wa benki ambaye hawatakutana naye.

Oktoba mwaka huo Mastercard, kampuni ya kadi za malipo, ikaanza kutumia masharti mapya kwa tovuti za aina hii: kila anayeonekana athibitishwe umri na utambulisho, maudhui yakaguliwe kabla ya kuwekwa, malalamiko yashughulikiwe haraka. Masharti hayo yalikuja baada ya Desemba 2020, gazeti la New York Times lilipoandika kuhusu video za watoto na za ubakaji kwenye Pornhub, tovuti ya video za ngono, kampuni za kadi zikajitoa, na tovuti ile ikaondoa mamilioni ya video za watu wasiothibitishwa. Nakubaliana na masharti hayo. Mtoto hapaswi kuwa pale hata dakika moja, na aliyerekodiwa bila ridhaa ana haki ya kufutwa. Nchini Uingereza, Machi 2025, mdhibiti wa mawasiliano, Ofcom, aliitoza kampuni mama ya OnlyFans faini ya pauni milioni 1.05 kwa kutoa taarifa zisizo sahihi kuhusu jinsi ilivyokuwa ikipima umri, kwa hiyo hata waliojisifu kwa ukaguzi walihitaji kukaguliwa.

Lakini sharti lililoandikwa kwa ajili ya mtu mwenye karatasi zote linamwacha nje asiye nazo. Pwani hii tunajua kitambulisho ni nini. Wapemba wameishi Kilifi na Kwale vizazi na vizazi, na ni mwaka 2023 tu ndipo serikali ilipowatambua kuwa raia. Mwanamke asiye na kitambulisho hana laini yake, hana M-Pesa, hana benki. Mlango rasmi ukimfungia, haendi nyumbani kulala. Anaenda kwa mwenye karatasi, na mwenye karatasi anataka nusu, au anaenda kwenye makundi ya Telegram ambako hakuna anayeuliza umri wala ridhaa ya mtu yeyote.

Sweden nao wamefanya lao. Tangu Julai 1, 2025 ni kosa kule kumlipa mtu afanye tendo la ngono kwa kuagizwa mbele ya kamera, kama ilivyo kosa kununua ngono ana kwa ana tangu 1999. Video iliyokwisha kutengenezwa kwa wote haiguswi. Nimelifikiria hili sana. Kwa wateja wa Sweden labda litapunguza madai ya ajabu. Kwa mwanamke aliyeko Mtwapa ni mteja mmoja aliyepungua na mwingine atakayetafuta njia ya kificho, na njia ya kificho ndiyo inayoleta watu kama yule anayedai elfu thelathini.

Usiku ule, kwanza nilifanya kitu ambacho kila wakala anakijua: nilianza kutuma pesa kwa namba ile ili jina litokee, kisha nikasitisha. Likatokea jina la mwanamke, majina matatu kamili, ambaye hakuna kati yetu aliyemjua. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, pengine bibi aliyeombwa kitambulisho na mjukuu. Nikamuuliza kama ameshawahi kutuma. Akasema wiki iliyopita, elfu nane. Ndiyo maana sasa ni thelathini. Ukishalipa mara moja amejua unaweza kulipa.

Tulikaa hadi saa saba. Tulipiga picha za mazungumzo yote, namba zikionekana na tarehe zikionekana, tukazituma kwenye barua pepe yangu. Hatukumjibu, hatukumfungia, maana ukimfungia hujui atafanya nini. Kisha tukafungua StopNCII, huduma ya Uingereza iliyoanza Desemba 2021. Unachagua picha kwenye simu yako, inatengeneza alama kama alama ya kidole, alama ndiyo inayotumwa kwa kampuni zilizojiunga, picha yenyewe haiondoki kwenye simu. Facebook na Instagram zimo. Mtu akijaribu kuipandisha huko, inatambuliwa. Makundi yaliyo nje ya kampuni hizo hayaguswi, na hilo nilimwambia waziwazi. Aliweka picha zote nne. Halafu akasema kuna nyingine nyingi, zote ziko kwa meneja, na hana hata moja ya kuwekea alama.

Asubuhi tulikwenda kituo cha polisi. Sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya 2018, kifungu cha 37, inasema anayesambaza picha za faragha za mtu anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 200,000, au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote. Nilikuwa nimeichapisha. Lakini sheria ya zamani ya makosa ya jinai nayo ina kifungu cha 181, cha wanaotengeneza na kuuza picha chafu, na anayeingia kituoni na picha zake mwenyewe anajua anaweza kutoka akiwa mshtakiwa. Hapo serikali inashangaza: Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla pesa hazijakufikia, ya asilimia 5 kwenye mapato ya maudhui ya mtandaoni. Kodi inamtambua. Dawati la malalamiko linamwona mhalifu.

Ofisa alisoma ujumbe, akatazama picha moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akauliza, "Kwani wewe ulijipiga hizi za nini?" Sikuwa nimepanga kusema kitu. Nilisema, "Afande, tumekuja kwa sababu ya huyu anayedai elfu thelathini." Tuliandikiwa namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Aliikunja ile karatasi mara nne akaiweka nyuma ya simu, ndani ya kava.

Ijumaa ilikuja. Hakutuma. Alhamisi yake alikuwa amepanda matatu kwenda Kaloleni kwa mamake, kwa sababu alisema kama ni lazima mama asikie, asikie kwa mdomo wake. Mama anatumia kabambe, simu ndogo ya vitufe, picha haziwezi kufika kwake. Zingefika kwa kaka, na kaka angezipeleka kwenye kundi la ukoo. Sijui waliongea nini. Alirudi Jumapili na gunia la mihogo na macho yaliyovimba, na mihogo aligawa jengo zima. Picha mbili zilitumwa kwa kaka mkubwa. Kaka alizifuta, akampigia, akamtukana, akakata, akampigia tena kumuuliza kama ana pesa ya kula. Mtu wa namba ile aliandika mara tatu tena, kisha akanyamaza. Bado hatujui ni nani. Kesi haijasogea, na mimi hupita kituoni kila mwisho wa mwezi kuuliza.

Amefungua ukurasa mwingine, wake, barua pepe yake, namba ya siri yake, na kila akiingia simu inamuuliza namba ya pili. Pesa zinakuja kidogo. Meneja bado ana ule wa zamani na bado unaingiza.

Wiki iliyopita alikuja kutoa elfu nne. Alizihesabu, akazigawa mafungu mawili, akauliza kama yule fundi wa madirisha bado ana karakana yake nyuma ya soko. Nikamwambia yupo. Akasema ameongea na mwenye nyumba, amekubali, gharama atalipa yeye. Anataka vyuma vyote vya dirisha vikatwe viwekwe vingine.

"Nondo tupu, anti," akasema. "Zilizonyooka, kama za kila mtu."